Baiskeli Iliyovaa Nailoni

Kule Kikwe watu walikuwa na utani wao kuhusu Philemoni. Walisema jogoo hawamwamshi. Yeye ndiye anayewaamsha jogoo. Alfajiri, kungali giza, alikuwa zizini akikamua ng'ombe wake wawili. Mkewe Tabitha alichuja maziwa na kuyamimina kwenye keni, yale makopo makubwa ya aluminiamu yenye vifuniko. Majirani nao walikuwa wanafanya vivyo hivyo.

Kazi ilikuwa baada ya hapo. Maziwa hayana subira. Yalitakiwa kufika kwenye kituo cha kupokea maziwa, karibu na Makumira, kabla jua halijawa kali. Yakichelewa yanachacha, na yakichacha kituo hakiyapokei. Akina mama wafugaji walikuwa na kikundi chao, na kikundi kilikuwa na mtu wa kubeba maziwa ya wote kwa baiskeli. Mtu huyo alikuwa Solomoni.

Alfajiri moja Solomoni aligongwa na lori kwenye barabara ya lami. Dereva hakumwona. Baiskeli ya Solomoni haikuwa na taa mbele wala nyuma. Mungu alimnusuru, lakini mguu ulivunjika, na maziwa ya mtaa mzima yalimwagika mtaroni.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Mama Agnela, mwanamke mpole lakini asiyeyumbishwa. Siku hiyo alisema neno ambalo kila mtu alilikumbuka.

"Maziwa yakimwagika, kesho tutakamua mengine. Mtu hatuna pa kumkamua. Kuanzia leo, asiye na taa habebi maziwa yetu."

Philemoni aliitaka kazi ile kwa moyo wote. Binti yake wa kwanza, Brightness, alikuwa amechaguliwa kuingia sekondari. Hakuna mtoto wa ukoo wao aliyewahi kufika huko. Philemoni alitembea kifua mbele tangu siku majina yalipobandikwa, lakini kifua hakilipi karo. Kazi ya maziwa ingelipa.

Basi akauza ndama dume, akaenda Arusha mjini kununua baiskeli. Zamani, enzi za duka la ushirika, mtu aliweza kusubiri baiskeli mpaka watoto wake wakaota ndevu. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa, na wenye maduka walipanga baiskeli mpaka nje barazani. Philemoni alichagua moja nyeusi, ndefu, imara, yenye keria pana nyuma. Ilikuwa na taa nyeupe mbele, taa nyekundu nyuma, na dinamo.

Dinamo ni kile kichupa kidogo cha chuma kinachofungwa kando ya gurudumu. Kichwa chake kikigusa tairi, huzunguka pamoja nalo na kutoa umeme. Hakihitaji betri. Fundi wa duka, kijana mmoja aitwaye Meshack, aliinua gurudumu la nyuma na kuzungusha pedeli. Taa zote mbili zikawaka. Philemoni aliona kwa macho yake mwenyewe, akaridhika.

Kabla ya kurudi nyumbani alipita kwa shemeji yake Hans, kaka yake Tabitha, aliyekuwa akifanya kazi hotelini. Hans akampa zawadi: mita ndogo ya baiskeli, iliyoachwa na mgeni mmoja. Ilikuwa na kioo kidogo cha namba, sumaku, na kipokezi chenye waya. Hans aliiita kompyuta ya baiskeli. Alisema inaonyesha mwendo na umbali. Philemoni aliifungia kwenye leso kama yai.

Kijijini baiskeli ilisifiwa mpaka Tabitha akachoka kupokea wageni. Lakini wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Philemoni aliitazama baiskeli yake, akaona imebaki kitu kimoja. Kikwe, mwenye baiskeli mpya haiachi uchi. Fremu huvishwa nailoni ili rangi isichubuke na watu wapate cha kutazama.

Siku ya Jumamosi aliketi kivulini na bunda la nailoni ya bluu. Alitaka kazi safi isiyo na mikunjo, kwa hiyo alifungua kwanza dinamo na taa zote mbili. Akavisha fremu yote, bomba kwa bomba. Akavisha na madigadi. Kisha akarudisha dinamo na taa juu ya nailoni. Kwenye kishikio cha dinamo kulikuwa na skrubu ndogo yenye ncha kali. Aliona itatoboa nailoni yake, akailegeza. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na mwenyewe alikuwa anapiga mluzi.

Mwisho akafunga mita ya Hans. Kioo kikakaa kwenye usukani. Sumaku akaifunga kwenye spoki, juu karibu na rimu, kwa sababu huko ndiko ilikopendeza. Kipokezi akakifunga kwenye foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, chini karibu na ekseli.

Jumapili baada ya ibada, watu wa usharika walikusanyika nje kwa mnada wa sadaka, kama kawaida yao. Kuku waliuzwa, mayai yakauzwa, mkungu wa ndizi ukagombewa na wazee wawili. Mnada ulipokwisha, Mama Agnela alimwomba Philemoni awaonyeshe akina mama taa zake.

Philemoni aliipanda baiskeli, akazunguka uwanja wa kanisa. Nailoni iling'aa. Taa hazikuwaka. Akaongeza mwendo. Dinamo ililia tairini, lakini mbele kimya, nyuma kimya. Watu wakaanza kutazamana.

Ludovick, jirani yake ambaye naye aliitaka kazi ile, alisogea akachungulia kioo cha mita. Kilionyesha sifuri.

"Mita inasema Philemoni bado yuko nyumbani amelala," alisema, na uwanja mzima ukacheka.

Mama Agnela hakucheka. Alimwambia Philemoni kwa upole kwamba kikundi kingemsubiri mpaka Jumatano alfajiri. Taa zikiwaka, kazi ni yake. Zisipowaka, watamwita Ludovick. Philemoni alirudi nyumbani akiikokota baiskeli. Kwa aibu, hakula chakula cha mchana.

Jumatatu alianza kupambana. Alifikiri balbu imeungua, akaitoa, akaitia mfukoni, akaweka balbu ya tochi. Taa haikuwaka. Alikagua waya kutoka kwenye dinamo mpaka kwenye taa, inchi kwa inchi. Ulikuwa mzima. Akamlaumu Meshack, akalaumu duka, akalaumu na biashara huria yenyewe. Akafunga tochi kwenye usukani kwa mpira wa tyubu. Kwenye shimo la kwanza tochi ikaruka ikaingia mferejini.

Tabitha akamkumbusha kwamba ng'ambo ya mfereji alikaa mama mmoja, Ndeshi. Ndeshi alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha redio mjini, akiunga nyaya. Kiwanda kilipofungwa alirudi Kikwe kulima maharage. Wazee walikuwa bado wanampelekea redio zao.

"Nikamwambie nini?" Philemoni aliuliza. "Kwamba nimenunua baiskeli nisiyoiweza?"

"Mwambie taa haiwaki," Tabitha alijibu. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na wewe Solomoni umemwona."

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya mashamba, wote wawili waliisukuma baiskeli mpaka ng'ambo ya mfereji.

"Shikamoo, Mama Bariki," Philemoni alimsalimia Ndeshi.

"Marahaba, Baba Brightness. Nilikuwa nawasubiri tangu jana. Nilikuwepo kanisani."

Ndeshi hakuwa mtu wa kujishusha. Alijua anachokijua, na alipenda watu wajue kwamba anajua. Alinawa udongo mikononi, akaizunguka baiskeli polepole. Akaigusa nailoni kwa kidole na kusifu kwamba imevishwa vizuri sana. Philemoni akafurahi kidogo. Ndipo Ndeshi akauliza waya wa taa uko wapi.

"Ni huu mmoja," Philemoni alisema. "Unatoka kwenye dinamo, unakwenda kwenye taa. Haujakatika popote."

"Na umeme unarudi kwa njia gani?"

"Unarudi? Kwani umeazimwa?"

Ndeshi akacheka, akaonyesha mfereji kwa kidevu. "Maji ya mfereji yakifika shambani kwako yanazama, basi, kazi yake imekwisha. Umeme hauko hivyo. Ukitoka kwenye dinamo, lazima uzunguke urudi kwenye dinamo. Usipopata njia ya kurudi, hautoki kabisa."

"Sasa njia ya kurudi iko wapi, nami naona waya mmoja tu?"

Ndeshi aligonga fremu kwa ukucha. "Hii hapa. Chuma cha baiskeli ndicho waya wa pili. Dinamo inashika chuma, taa inashika chuma, umeme unarudi kwa huko. Wewe umeviweka vyote juu ya nailoni. Nailoni haipitishi umeme. Umefunga mlango kwa bluu."

Philemoni aliitazama nailoni yake kama mtu aliyeambiwa kwamba mwanawe ndiye mwizi wa mayai. Hakuamini. Ndeshi naye hakutaka aaminiwe kwa maneno. Alileta waya mrefu, akauchuna ncha zote mbili. Ncha moja akaibana kwenye mwili wa dinamo, nyingine kwenye kasha la taa ya mbele. Philemoni akainua gurudumu, Tabitha akazungusha pedeli.

Taa iliwaka, nyeupe kabisa. Kisha ikazimika.

Ndeshi alifungua taa, akatoa balbu, akaisoma ilivyoandikwa. Akauliza ni nani aliyeweka balbu ya tochi mle. Philemoni akatazama mashamba. Ndeshi akaeleza kwamba balbu ya tochi imezoea betri mbili tu. Umeme wa dinamo hii ni mkubwa kuliko huo, kwa hiyo balbu imeungua. Balbu ya baiskeli huandikwa volti sita, na mtu asome kabla ya kununua. Tena ile ya nyuma nayo iwe nzima siku zote, kwa sababu taa moja ikifa, nyingine hupata umeme wote na kuungua haraka.

Philemoni akaingiza mkono mfukoni, akatoa balbu ya kwanza. Ilikuwa nzima tangu mwanzo. Ilipowekwa, Tabitha akazungusha tena, na safari hii taa haikuzimika. Tabitha aliendelea kuzungusha hata baada ya kuambiwa yatosha.

"Sasa chagua," Ndeshi alisema. "Unaweza kuuacha waya huu uwe wa pili. Taa itawaka, na nailoni yako itabaki. Au uchune nailoni na rangi chini ya vishikio, chuma kiguse chuma."

Philemoni alifikiri. Alijua keni zitapandishwa na kushushwa kila siku. Waya mrefu wa kuning'inia ungenaswa na kukatika, na ungekatika gizani. Alimfikiria Solomoni mtaroni. Akaomba kisu.

Alikata mwenyewe. Ilimuuma, tusidanganyane. Alikata nailoni mahali pa dinamo, mahali pa taa ya mbele, na mahali pa taa ya nyuma. Kisha akachukua msasa, akaichuna ile rangi nyeusi mpya mpaka chuma kikaonekana cheupe, doa lisilozidi ukucha. Akafunga vishikio na kuvikaza kwa spana. Ile skrubu yenye ncha kali akaikaza mpaka ikauma chuma. Ndeshi akamweleza kwamba hiyo ndiyo kazi yake, kutoboa rangi. Juu yake wakapaka grisi kidogo, maji yasiingie na kuleta kutu.

Wakaondoa waya wa kupimia. Tabitha akazungusha. Nyeupe mbele, nyekundu nyuma.

Taa zilikuwa zinapepesa kidogo. Ndeshi alichuchumaa akaona dinamo imekaa upande. Alimwonyesha Philemoni kwamba dinamo ikae ili mstari wake ulenge katikati ya ekseli, na kichwa kiguse ubavu wa tairi vizuri, kisiteleze wala kisibane mno. Waliinyoosha. Mwanga ukatulia, na mlio wa tairi ukapungua.

"Kiwanda walikifunga," Ndeshi alisema akijifuta mikono. "Mikono hii hawakuifunga."

Ilibaki mita. Hapo Ndeshi alisema wazi kwamba hajawahi kufunga mita ya baiskeli. Lakini sumaku aliijua, maana kila spika ya redio ina sumaku. Aliuliza mita inajuaje kwamba gurudumu limezunguka. Philemoni akakuna kichwa. Alikumbuka Hans alisema kwamba sumaku ikipita mbele ya kipokezi, mita huhesabu mzunguko mmoja. Akatazama sumaku huko juu, akatazama kipokezi huko chini.

"Havikutani," alisema polepole. "Vinapishana kama watu waliogombana."

Aliteremsha sumaku mpaka ikawa sawa na kipokezi. Akaviacha vikaribiane, nafasi ya unene wa sarafu mbili hivi, bila kugusana. Alipozungusha gurudumu la mbele, namba zikaanza kupanda. Philemoni alicheka peke yake, na Ndeshi akamwacha acheke.

Kesho yake, Jumanne, alikwenda na baiskeli mpaka Makumira na kurudi, mchana, ili aijue njia. Kwenye barabara kuu kulikuwa na mawe ya kilomita. Philemoni alitazama mita kwenye jiwe moja, akatazama tena kwenye jiwe lililofuata. Mita ilipaswa kusema kilomita moja. Ilisema pungufu kabisa. Siku nyingine angeilaumu mita. Safari hii alisimama kando ya barabara akafikiri.

Mita inahesabu mizunguko. Kwa hiyo ni lazima ijue mzunguko mmoja ni mrefu kiasi gani. Yule mgeni wa hoteli alikuwa na baiskeli ya magurudumu madogo, labda. Mita ilidhani bado iko kwake.

Nyumbani hakumwita mtu. Alijaza tairi upepo. Akasimamisha baiskeli, mdomo wa tyubu, pale pa kujazia upepo, ukiwa chini kabisa, na Tabitha akachora alama kwa mkaa ardhini, chini ya mdomo huo. Philemoni akapanda, kwa sababu tairi hubonyea kidogo mtu akikaa, na Tabitha akamsukuma taratibu kwa mstari ulionyooka. Mdomo ulipofika chini tena, akachora alama ya pili. Brightness akaleta futi ya fundi cherehani, akapima kati ya alama mbili. Ilikuwa sentimita mia mbili na ishirini. Philemoni alikishikilia kitufe cha mita mpaka namba zikaanza kupepesa, akaibadilisha ile ya zamani, akaweka ya gurudumu lake. Jioni alirudi kwenye mawe ya kilomita. Jiwe kwa jiwe, mita ilisema moja. Philemoni alijisikia mtu mzima kuliko siku aliyooa.

Jumatano alfajiri akina mama walikuwa njiapanda na keni zao. Ludovick naye alikuwepo, amevaa koti zito. Kulikuwa bado giza. Kwanza waliona mwanga mweupe unakuja kutoka upande wa mfereji, unapanda na kushuka na mashimo ya njia. Hakuna aliyeuliza ni nani.

Mama Agnela hakuridhika na mwanga wa mbele tu. Alimtuma aende mbali, mpaka kwenye mti wa mwisho, arudi. Taa nyekundu ilionekana njia nzima ya kwenda. Philemoni aliporudi na kusimama, taa zote zikazimika. Minong'ono ikaanza.

"Ukisimama je?" Mama Agnela aliuliza. "Lori likija nyuma yako?"

"Dinamo hulala gurudumu likilala, mama," Philemoni alijibu. "Ndiyo maana nimeweka kirudisha mwanga chekundu hapa nyuma. Taa za gari zikikipiga, kinang'aa chenyewe. Na nikitaka kusimama, natoka barabarani kwanza, ndipo nasimama."

Mama Agnela akamulika kwa tochi. Kirudisha mwanga kikang'aa usoni mwake. Philemoni akaendelea kueleza. Mpaka kituoni ni kilomita kumi na moja na ushee. Kwa mwendo wake na mzigo mzito, anahitaji saa nzima. Maziwa yakifika njiapanda mapema hivi kila siku, hatakuwa na sababu ya kukimbizana na malori. Solomoni alikuwa amekaa juu ya gogo na fimbo yake. Aliinua kichwa, akasema kwamba siku ile aligongwa kwa sababu alikuwa amechelewa, na alikuwa anakimbiza maziwa kwa kukisia.

Mama Agnela alinyanyua keni ya kwanza kwa mikono yake mwenyewe, akaipandisha kwenye keria.

Januari Brightness aliingia kidato cha kwanza akiwa na viatu vipya. Kikundi hakikumwaga tena maziwa, na hakuna aliyegongwa. Ndeshi aliweka meza ndogo mbele ya nyumba yake, na watu wakaacha kuja na redio tu. Wakaja na baiskeli. Mteja wake wa kwanza alikuwa Ludovick, aliyenunua baiskeli na kuivisha nailoni nyekundu mpaka kwenye pedeli.

Philemoni bado hufika kanisani kila Jumapili na baiskeli ya bluu. Mgeni akiisifu nailoni, yeye hashughuliki nayo sana. Huinama, huonyesha chini ya dinamo mahali alipokata kwa kisu na kuchuna rangi kwa mkono wake, na kumweleza mgeni njia ambayo umeme hupita kurudi nyumbani.